Oklahoma! kwenye ukumbi wa viti 80, Bagamoyo

Mchezo unaanza na mwanamke mtu mzima yuko peke yake uani, anasukasuka maziwa apate siagi. Kutoka mbali, nyuma ya jukwaa, sauti ya mwanamume inaimba habari za asubuhi bila chombo hata kimoja kumsindikiza. Hakuna kundi la wachezaji wala kwaya. Hivyo ndivyo Oklahoma!, mchezo wa nyimbo wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, ulivyofunguka New York tarehe 31 Machi 1943, ukaendelea mpaka maonyesho 2,212. Wanaousikia mchezo huu kwa jina tu hudhani ni wa jumba kubwa. Kwa maoni yangu mwanzo huo unadai ukumbi mdogo, ambao mtu wa safu ya nyuma anasikia mchi ukigonga ndani ya pipa la maziwa.

Ukubwa wake wa asili ni kweli ulikuwa wa kutisha: wapigaji 28, na ngoma ndefu ya ndoto ambayo Agnes de Mille aliipanga ikachukua kama robo saa nzima. Lakini mwaka 2019 ulirudi Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, ukiwa na waigizaji 12 na wapigaji 7, taa za ukumbi zikiwaka sehemu kubwa ya mchezo, na wakati wa mapumziko watazamaji wakagawiwa maharage ya pilipili na mkate wa mahindi. Waigizaji 12 na wapigaji 7 ni hesabu ambayo Bagamoyo tunaiweza. Kinachofuata ni namna ya kuifanya, na kila uamuzi humu unapimwa kwa swali moja: je, maneno yatasikika bila kipaza sauti?

Kwanza ruhusa, maana hapa ndipo wengi huharibu miezi yao. Leseni za kazi za Rodgers na Hammerstein hutolewa na Concord Theatricals. Ruhusa ya kuigiza mchezo mzima hutoka kwa mwenye haki mwenyewe. Leseni ya kawaida ya kupiga muziki hadharani haiigusi. Watataka kujua idadi ya viti, bei ya tiketi, tarehe na idadi ya maonyesho. Katika barua hiyohiyo omba mambo matatu kwa kuyataja moja moja: kutafsiri kwa Kiswahili, kupunguza wapigaji, na kushusha ufunguo wa nyimbo. Usidhani la kwanza linabeba mengine. Usitafsiri hata ubeti mmoja kabla jibu halijaja kwa maandishi, na ujue kwamba mara nyingi mkataba hudai tafsiri iwe mali yao. Hapa nyumbani, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inagusa jukwaa pia, si filamu tu, kwa hiyo nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri na andiko mkononi, uulize pia utaratibu wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Jipe miezi minne kwa makaratasi yote.

Ukumbi. Watu wengi huota kuigiza ndani ya nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ua wake wa katikati unafaa, chumba hakifai. Ukipata ua, kuta za matumbawe na chokaa hazipigwi msumari. Kila kitu kisimame chenyewe chini.

Ukumbi wa kawaida wa mita 12 kwa 9, kuta za saruji na bati juu, ndio utakaoupata kirahisi. Weka jukwaa katikati ya ukuta mrefu, si mwisho wa chumba. Jukwaa la mita 6.1 kwa 4.88 likikaa hapo, zinabaki karibu mita 3 kila ubavu na mita 4 mbele. Ubavuni weka safu mbili za viti 8 kila upande, jumla 32. Mbele safu nne za viti 12, jumla 48. Hao ni watu 80, na hakuna aliye zaidi ya mita 4 kutoka ukingoni. Safu ya kwanza ikae kwenye mikeka, ya pili kwenye mabenchi mafupi, ya tatu kwenye viti, na ya nne kwenye viti vilivyoinuliwa sentimita 40. Acha njia mbili za kutokea, pana za mita 1.1, zisizowekwa kiti hata wageni wakizidi.

Kipimo cha jukwaa hakikutoka hewani. Karatasi ya plaiwudi ni mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo karatasi mbili kwa urefu na tano kwa upana zinatoa 4.88 kwa 6.1: karatasi 10, hakuna kipande kinachopotea. Tumia unene wa milimita 18. Chini yake mbao za 2 kwa 4 zilizosimamishwa ubavu, na nafasi kati yao ni mita 2.44 gawa kwa 6, yaani kasoro kidogo ya sentimita 41, ili kila kiungo cha plaiwudi kiangukie katikati ya ubao. Funga kwa skrubu. Msumari kwenye hewa ya pwani hulegea, kwa kuwa mbao huvimba usiku na kusinyaa mchana, na jukwaa linaanza kulia kila mtu anapopita. Mlio huo ukija kwenye ukimya wa ufunguzi umeua mchezo.

Chini ya miguu ya fremu weka vipande vya tairi kuukuu, na kwenye uvungu jaza magunia ya makumbi. Bila hivyo jukwaa ni ngoma: watu 12 wakikanyaga pamoja, mngurumo unafunika sauti zao wenyewe. Buti za mitumba zenye soli ngumu zibandikwe mpira mwembamba chini kwa sababu hiyohiyo. Kama fedha ni chache, ziishe kwenye sakafu. Mandhari yanaweza kuwa ukuta mtupu uliopakwa chokaa, pipa, benchi na kamba ya kuanikia nguo.

Kuta za saruji zinarudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mkia wa mlio, maneno yatachanganyika. Khanga ukutani zinapendeza lakini hazinyonyi chochote, ni nyembamba mno. Tundika majamvi mazito au mablanketi kwenye ukuta unaoelekeana na waimbaji, ukiacha nafasi ya kama sentimita 10 kati yake na ukuta. Kisha piga kofi tena.

Sasa wapigaji. Pwani hii ina utajiri wa watu wa taarabu, na ingekuwa dhambi kuwaacha ukaleta spika na muziki wa kurekodi. Muundo ninaoupendekeza ni kinanda cha umeme chenye vitufe 88, fidla, kodiani, gitaa kavu, besi, na mpigaji mmoja wa ala za kugonga. Piano halisi iache: unyevu na chumvi vinaivimbisha mbao na kula nyuzi, haitakaa sawa wiki mbili. Mpiga fidla wa taarabu atapenda kuteleza kati ya noti, na mtelezo huo ni mzuri sana kwenye wimbo wa upweke wa Jud, yule mfanyakazi wa shamba anayelala kwenye kibanda cha kukaushia nyama. Kwenye nyimbo za pamoja umwombe asimame wima juu ya noti, la sivyo kwaya itayumba. Mgongaji apige kwa vidole au kwa fagio, asiguse fimbo. Kwenye wimbo wa gari la farasi lenye kipaa cha matamvua, kwato ni vifuu viwili vya nazi juu ya kipande cha ubao.

Wakae kando na nyuma ya waimbaji. Chombo kikiwa kati ya mdomo na sikio, chombo kitashinda daima.

Waimbaji wa kwaya za kanisani wengi husoma do, re, mi kuliko mistari mitano, kwa hiyo geuza sehemu za sauti ziwe katika nota hizo. Ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mmoja makini. Lakini vitabu vya muziki hukodishwa na havinakiliwi ovyo, basi uliza kabla ya kugeuza. Wimbo wa mwisho wenye jina la mchezo gawa sauti nne, watu watatu kila sauti. Ukijaribu kugawa zaidi kwa watu 12, kila mmoja anabaki uchi. Sehemu ya Laurey, msichana mkuu wa mchezo, iko juu kwa mwanamke aliyezoea taarabu. Ukishusha ufunguo kwa kitufe cha kinanda, bandika karatasi mbele ya mpigaji yenye namba ya kila wimbo, kwa kuwa kitufe hicho hubaki pale ulipokiacha, na wimbo unaofuata utaanza mahali ambapo hakuna anayepategemea.

Na lile fungu la kwanza la Curly, mchunga ng'ombe anayempenda Laurey, lisilo na chombo: mpe noti. Kodiani iishike kwa upole kabla mwanga haujapanda, kisha inyamaze. Hofu humpandisha mwimbaji nusu noti, na wapigaji wakiingia fungu la pili tofauti hiyo inasikika kama mlango uliogongwa. Mpigaji wa kinanda avae kisikizi sikioni, aguse noti kimya, na kama Curly amepanda, aingie kwa ufunguo wake. Hii lazima ifanyiwe mazoezi kwa makusudi, Curly akipotea juu na akipotea chini.

Nimebakiza jambo linalonigusa zaidi, tafsiri. Mshairi wa Kiswahili anahesabu mizani na anajua kazi, ila hapa kuna mtego ambao shairi halina. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hupenda kumaliza mstari kwa neno la silabi moja lenye mkazo, na mtunzi akaweka noti ndefu hapohapo. Ukiweka "upendo" kwenye noti hiyo, "ndo" inavutwa na kupigwa mkazo, na sikio la Mswahili linakataa hata kama haliwezi kueleza kwa nini. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupasua noti ya mwisho, "pe" ikae ndefu na "ndo" ifuate fupi. Hiyo inaongeza noti, basi iombewe ruhusa. Ya pili ni tamu zaidi: malizia kwa vile vijineno vyetu vya silabi moja vinavyobeba mkazo wenyewe. Nyeusi ti. Anguka pu. Kwa wimbo wa asubuhi, "kumekucha, kweupe pe" ina mizani minane na inatua kwa kishindo mahali noti inapotua. Lugha yetu inavyo vingi, na waandishi wa nyimbo wanavisahau.

Irabu nazo zichaguliwe. Noti ya juu kabisa ipewe a, e au o. Ukimpa mwimbaji i au u kule juu, koo linabana na neno halijulikani. Ile m inayosimama peke yake kwenye "mti" au "mtu" inaweza kubeba noti yake, mradi iwe chini na fupi. Faida yetu ni kwamba karibu silabi zote ziko wazi, hivyo neno la Kiswahili husafiri mbali kuliko la Kiingereza. Mwishoni mwa mchezo jina la Oklahoma linatajwa herufi kwa herufi, na hapo bahati imetuangukia: o, ke, le, a, he, o, me, a, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, kila herufi silabi moja, hesabu ileile.

Yule mwanamke wa siagi ni Aunt Eller, na Kiingereza hakisemi kama ni wa upande wa baba au wa mama. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. Mimi nasimama na Shangazi: ndiye anayeweza kumfokea Laurey kuhusu wachumba na kumtania Curly mbele ya watu, na kijiji kizima kumwita Shangazi hakuna tatizo. Mama Mdogo angekuwa mpole mno.

Sehemu ya pili inafunguka kwa ngoma ya wakulima na wafugaji wanaogombana mpaka Shangazi anatoa bunduki na kuwalazimisha waimbe. Hadithi ni ya mwaka 1906, katika eneo ambalo mwaka 1907 lilikuja kuwa jimbo la Marekani, na ugomvi ni wa uzio wa mashamba na njia za ng'ombe. Hakuna mtu wa Pwani au Morogoro atakayehitaji kuelezwa. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: usimvishe Curly shuka wala usimpe rungu. Wavae jinzi na kofia za mitumba, ng'ombe wabaki wa Oklahoma, na wafugaji wasipewe lafudhi ya kuchekesha. Mtazamaji atavuka daraja hilo mwenyewe, na akivuka mwenyewe atakaa kimya. Ukimvusha kwa mkono atacheka, na mahali hapo si pa kucheka: tunalo kaburi la mtu karibu na kila wimbo wa aina hiyo. Kwa Ali Hakim, mchuuzi Mwajemi, ni vivyo hivyo. Kwenye mwambao wenye koo zinazojiita Washirazi, aigizwe kama mfanyabiashara mwenye akili anayekimbia ndoa ya lazima, bila kumtania usemi wake.

Bunduki yenyewe, hata ya bandia, italeta polisi mlangoni na taharuki ndani ya chumba kidogo. Tumia vibao viwili vya mninga vya sentimita 40 vilivyoungwa kwa bawaba upande mmoja. Nyuma ya ukuta vikipigwa pamoja vinatoa mlio mkavu wa kutosha. Mpigaji amwone Shangazi kupitia tundu. Akikisia kwa kusikia atachelewa.

Ngoma ya ndoto inamwonyesha Laurey usingizini akichagua kati ya Curly na Jud, na kwenye mchezo wa asili wachezaji wengine huchukua nafasi zao. Usiifute. Wachezaji ndio mali kubwa ya mji huu tangu Chuo cha Sanaa kilipoanza mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, na ukumbi mdogo unakupa kuona mgongo wa mchezaji ukipumua. Wachezaji wanne wanatosha, wengine wanane wakae ukingoni. Kwenye mita za mraba 30, watu 12 wakisimama wote kila mmoja ana mita 2.5 tu, na sketi ya duara kamili ikizunguka inafagia zaidi ya mita moja kila upande. Shona sketi za vipande zenye marinda nyuma tu.

Taa nane za LED zinatosha. Dari la chini linafanya taa ipige usoni moja kwa moja, kwa hiyo ziweke kwenye nguzo za bomba mita 2.5 pembeni, kila nguzo imesimikwa ndani ya ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege, ambayo ikikauka ni karibu kilo 48. Nyeupe ya joto ndiyo rangi kuu. Nyeupe baridi ya LED za bei nafuu huifanya ngozi yetu ionekane ya kijivu.

Umeme utakatika. Taa nane za wati 40 ni wati 320, kinanda 20, kichanganyio na spika yake kama 130: jumla 470. Kwa saa tatu ni uniti 1.4, na ukihesabu upotevu wa inveta ni 1.6. Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 200 ina uniti 2.4, lakini usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji mbili. Mashabiki wa jenereta watanielewa nikisema lina kelele: liwe akiba ya kuchaji mchana. Feni za dari nazo zizimwe kwenye ufunguzi na kwenye wimbo wa Jud, ziwashwe kwenye ngoma.

Ratiba: wiki nane, jioni tano kwa wiki, saa mbili na nusu kila jioni, yaani saa 100. Wiki mbili za kwanza ni nyimbo tu, watu wamekaa. Wiki tatu za mwendo na maneno, moja ya kuunganisha, moja ya wapigaji na ngoma, ya mwisho kwa mavazi na taa. Wanaobana hubana wiki za nyimbo, kisha wiki ya saba waigizaji wanakimbia jukwaani huku wakitafuta noti. Chagua Juni mpaka Septemba. Masika juu ya bati hairuhusu hata kipaza sauti, achilia mbali koo tupu. Onyesho lianze saa 2 na robo usiku, Isha ikiwa imeshapita, adhana isiangukie juu ya Curly wala Curly juu ya adhana.

Sehemu ya kwanza ni ndefu, karibu saa moja na nusu, na ya pili karibu nusu ya hiyo. Waambie watu mlangoni. Mapumziko yawe dakika 20 kamili, kahawa chungu na kashata zipitishwe palepale walipokaa, kwa sababu watu 80 wakitoka nje hawarudi kwa dakika 20. Makapu ya ukindu ya mnada, yale ambayo vijana wananunua chakula cha wasichana kuchangia jengo la shule, yawekwe jukwaani wakati huo yakiwa na maandazi ya moto ndani, yafunikwe kawa. Harufu ifike kwanza.